‘Charge’: Neno la kwenye simu yako lenye maana nyingine benki na mahakamani

Simu imebaki asilimia 3, unamuomba jirani chaja. Hapo ‘charge’ haikupi tabu. Tabu inaanza pale unapolikuta neno hilohilo kwenye karatasi ya benki, polisi au hospitali, maana imeshageuka na wewe unatakiwa kusaini.

Habari njema ni kwamba karibu maana zake zote zina mzizi mmoja. Ukiushika, hupotei.

Lilianzia kwenye mkokoteni

Kwa Kilatini, ‘carrus’ ni gari la kukokotwa. Likazaa tendo la kupakia mzigo, likapitia Kifaransa hadi Kiingereza. Ndugu zake ni ‘car’ na ‘cargo’. Kwa hiyo ‘charge’ ni kutwika. Cha kujiuliza ni nani katwikwa, na katwikwa nini.

Kwenye simu

Betri imetwikwa umeme. Kabla ya hapo neno lilitumika kwa bunduki, yaani kuijaza baruti. Miaka ya 1740 Benjamin Franklin wa Philadelphia akalitumia kwenye majaribio yake ya umeme. Hata ‘battery’ aliichukua kwa wanajeshi, waliokuwa wakiita hivyo kundi la mizinga.

Kwenye malipo

Hapa unatwikwa gharama. ‘Service charge’ ni ada ya huduma, na ‘charges’ za benki ndiyo yale makato tunayolalamikia. ‘Free of charge’ ni bure kabisa.

Kazini

Aliye ‘in charge’ katwikwa jukumu. Ndiyo maana tuna mganga mfawidhi na hakimu mfawidhi. Ila kuwa makini: nesi akiwa ‘in charge of’ mtoto, yeye ndiye msimamizi. Mtoto akiwa ‘in the charge of’ nesi, yeye ndiye anayesimamiwa. Kaneno kamoja tu kamegeuza mambo.

Polisi

Ukiwa ‘charged’, umetwikwa shtaka, na karatasi yake ni ‘charge sheet’, yaani hati ya mashtaka. Hiyo haimaanishi una hatia. Aliyetiwa hatiani ni ‘convicted’, na hilo huamuliwa na mahakama.

Lakini ukisoma kwamba polisi au askari ‘charged’ kuelekea kundi la watu, hakuna aliyeshtakiwa. Waliwaendea mbio kuwashambulia. Hii ndiyo maana iliyokwenda mbali zaidi na mkokoteni.

Kwenye shamba lako

Hapa ndipo watu huumia. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inaita ‘charge’ kile ambacho wengi wanakijua kama rehani. Ukisaini ‘charge’ juu ya shamba, shamba limetwikwa deni. Usipolipa, mkopeshaji anaweza kuliuza akishafuata taratibu za notisi. Tanzania, sheria ya ardhi hutumia neno ‘mortgage’. Kwa hiyo Mtanzania anayemdhamini ndugu yake wa Kenya asidhani ‘charge’ kwenye fomu ni ada tu ya kushughulikia mkopo.

‘Discharge’: kutua mzigo

Hospitali, mgonjwa akiwa ‘discharged’ ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye mkopo wa ardhi, ‘discharge’ ni kuondolewa kwa rehani. Kumaliza deni peke yake hakutoshi. Hakikisha na rehani yenyewe imefutwa kwenye daftari la ardhi.

Mahakamani ndipo pa kuangalia zaidi. Tanzania, Mkurugenzi wa Mashtaka akiiondoa kesi kabla ya hukumu kwa kusema hataki kuendelea nayo, mshtakiwa anakuwa ‘discharged’. Anaachiwa, lakini sheria inaruhusu ashtakiwe tena kwa mambo yaleyale. Hiyo si ‘acquittal’, ambapo mahakama inamwona hana hatia. Vichwa vya habari vinaweza kuandika “aachiwa huru” kwa yote mawili, kumbe mmoja mzigo wake umewekwa pembeni tu.

Kabla hujasaini

Ukikuta ‘charge’ kwenye karatasi yoyote, uliza mambo matatu: ni mzigo gani, nani anaubeba, na unatuliwa lini? Aliyekuletea karatasi akishindwa kukujibu kwa lugha unayoielewa, rudisha kalamu mezani kwanza.