Ubao wa vishale

Ubao wa vishale ni duara bapa ambalo wachezaji wa mchezo wa vishale (dati) hulirushia vishale ili kupata pointi. Ingawa huitwa ubao, uso wa ule unaotumika katika mashindano ya wachezaji wa kulipwa si wa mti. Umetengenezwa kwa singa za mkonge zilizokatwa fupi, zikasimamishwa wima na kubanwa pamoja ndani ya pete ya chuma. Singa hizo hutoka hasa Afrika Mashariki, ambako kilimo cha mkonge kilianzia Pangani, katika Mkoa wa Tanga wa leo, mwaka 1893.

Watu wengi hudhani kwamba mbao hizo hutengenezwa kwa nywele za farasi au za nguruwe, kwa sababu jina lake la Kiingereza lina maana ya nywele ngumu. Jina hilo linatokana na jinsi singa zinavyosimama kama nywele za brashi.

## Historia

### Kutoka mti hadi mkonge

Mchezo wa vishale ulienea katika baa za Uingereza katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao za wakati huo zilikuwa vipande vya mviringo vilivyokatwa kutoka gogo la mti, hasa mielmu na mipopla. Kila kishale kilichoingia kiliacha tundu. Ili matundu yazibe na mti usipasuke, ubao ulilazimika kulowekwa majini usiku kucha baada ya kuchezewa. Hata hivyo ulichakaa upesi, na ubao uliolowa mara nyingi ulianza kunuka.

Huko London mkemia Ted Leggatt alianzisha kampuni ya Nodor, ambayo kwanza ilitengeneza udongo wa kufinyangia usio na harufu. Jina la kampuni linatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo. Kampuni ilijaribu kuuza mbao za udongo huo, lakini wachezaji hawakuzipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilileta ubao wa singa za mkonge. Kishale kilipochomwa kilipita katikati ya singa bila kuzikata, na kilipochomolewa singa zilirudi mahali pake. Ubao haukuhitaji tena kulowekwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia aina hii ilizishinda nyingine zote.

### Mkonge wafika Pangani

Mkonge (*Agave sisalana*) asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf, aliyefanya kazi katika Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, kupitia Hamburg. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani, ikastawi, na vikonyo vyake vikasambazwa katika mashamba ya Tanga, Muheza na Korogwe kandokando ya reli iliyoelekea Moshi.

Chini ya utawala wa Waingereza Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Kazi ya kukata majani ilifanywa kwa sehemu kubwa na vibarua wa mkataba waliotoka mikoa ya mbali na nchi jirani, walioitwa *manamba* kwa sababu kila mmoja alitambuliwa kwa namba. Hivyo ubao wa mkonge ulipobuniwa, viwanda vya Uingereza vilikuwa tayari vinapata singa nyingi kutoka koloni hilo kwa ajili ya kamba.

## Kuandaa singa

Ubora wa ubao huanzia shambani. Ubao wa mashindano unahitaji singa safi, ngumu, zilizonyooka na zenye unene unaolingana.

Mkonge huanza kukatwa ukiwa na umri wa miaka miwili hadi mitatu. Mkataji huondoa majani ya chini, hukata mwiba wa ncha na kufunga majani katika vichanja vya majani 30. Jani moja lina urefu wa mita moja au zaidi na singa zipatazo 1,000. Hata hivyo singa kavu ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji na nyama ya jani.

Majani yanapaswa kufikishwa kiwandani ndani ya siku mbili. Yakichelewa utomvu hukauka, nyama hugandamana na singa, na singa hubaki na madoa. Kiwandani hupitishwa kwenye mashine ya kuchakata inayoitwa *korona*. Magurudumu yake yenye vyuma butu hupondaponda jani na kukwangua nyama huku maji mengi yakisafisha singa.

Baadaye singa huanikwa juani kwenye waya au kamba hadi ziwe kavu na nyeupe. Kisha hupigwa brashi ili kuondoa vumbi na singa fupi, hupangwa kwa madaraja kulingana na urefu, rangi na usafi, na kufungwa katika marobota ya kilo 250. Kwa upande wa Tanzania marobota mengi ya kuuza nje husafirishwa kupitia bandari za Tanga na Dar es Salaam.

Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, ndicho kitovu cha utafiti wa mkonge Tanzania. Chotara namba 11648, iliyopatikana kwa kazi ya watafiti wa Amani na Mlingano, hutoa majani mengi zaidi kuliko mkonge wa kawaida kabla ya kutoa mlingoti wa maua na kufa. Chotara hiyo sasa hulimwa pia Kenya na China.

## Utengenezaji wa ubao

Hatua kuu za kiwandani ni hizi:

1. Singa huchanwa tena hadi zilale upande mmoja, kisha hukusanywa kuwa fungu refu la mviringo mfano wa kamba nene.
2. Fungu huvingirishwa karatasi nyembamba ili lisifumuke, halafu hukatwa vipande vifupi kama vile soseji inavyokatwa.
3. Vipande hupimwa uzito, kisha hupangwa vikiwa vimesimama ndani ya duara la chuma.
4. Mashine yenye nguvu kubwa huvibana kutoka pande zote hadi viwe kitu kimoja, na pete ya chuma hufungwa kuzunguka ukingo.
5. Duara hugundishwa kwenye kibao cha unga wa mbao kilicho nyuma yake. Uso wake husuguliwa hadi uwe laini.
6. Rangi nyeusi, nyeupe, nyekundu na kijani huchapwa juu yake.
7. Waya wa kugawanya sehemu hupachikwa, na mwisho huwekwa pete ya namba.

Kiasi cha kubana ndicho kinachoamua tabia ya ubao. Ukibanwa kidogo, kishale hulegea na kuanguka. Ukibanwa kupita kiasi, kishale huingia kwa shida na singa hukatika badala ya kusogea.

Waya nao umebadilika. Zamani ulikuwa wa mviringo na ulishikiliwa kwa pini zilizoonekana juu ya uso, na kishale kilichogonga pini kiliruka nyuma. Mbao za kisasa za mashindano zina bamba jembamba la chuma lenye ukingo mkali unaokielekeza kishale upande mmoja au mwingine. Jambo hilo ni muhimu kwa mchezaji wa kulipwa, kwa maana kishale kilichoruka na kuanguka hakihesabiwi wala hakirushwi tena.

## Vipimo na pointi

* Kipenyo cha ubao mzima: milimita 451
* Kutoka kitovu hadi ukingo wa nje wa pete ya mara mbili: milimita 170
* Kutoka kitovu hadi ukingo wa nje wa pete ya mara tatu: milimita 107
* Upana wa kila pete: milimita 8
* Kipenyo cha jicho la ndani: milimita 12.7
* Kimo cha kitovu kutoka sakafuni: mita 1.73
* Umbali wa mstari wa kurushia kutoka uso wa ubao: mita 2.37

Ubao una sehemu 20. Namba 20 iko juu na imepakana na 1 na 5, na 19 imepakana na 3 na 7. Mpangilio huo huwaadhibu wanaokosa shabaha kidogo. Pete ya nje huzidisha pointi mara mbili na pete ya ndani mara tatu. Jicho la ndani lina pointi 50 na pete inayolizunguka 25. Kwa hiyo vishale vitatu haviwezi kuleta zaidi ya pointi 180, yaani 60 mara tatu.

Katika mchezo wa kawaida kila mchezaji huanza na 501 na kupunguza hadi sifuri, na kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye pete ya mara mbili au jicho la ndani. Njia fupi kabisa ya kumaliza ni vishale tisa.

## Matumizi na matunzo

Wachezaji wengi huilenga zaidi 20 ya mara tatu, na sehemu hiyo huchakaa kabla ya nyingine. Kwa sababu hiyo pete ya namba hufunguliwa na ubao huzungushwa, ili kipande kingine cheusi kiwe 20. Kishale huchomolewa kwa kukizungusha polepole ili kisivute singa. Ncha yenye kikwaruzo hung'oa singa, hivyo hulainishwa kwa jiwe la kunolea.

Ubao wa mkonge haupaswi kulowekwa. Singa hunyonya maji, huvimba na kuufanya uso uwe na nundu. Katika miji ya pwani yenye unyevu mwingi hewani kama Tanga, Mombasa na Zanzibar, ni vizuri kuutundika mahali pakavu penye hewa, mbali na ukuta unaotoa unyevu na jua la moja kwa moja.

## Nafasi katika uchumi wa mkonge

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za mkonge. Baadaye kamba za plastiki ziliteka soko na bei ikaporomoka. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani zipatazo 20,000. Leo Brazili ndiyo mzalishaji mkubwa zaidi. Sekta hiyo nchini inasimamiwa na Bodi ya Mkonge Tanzania yenye makao makuu jijini Tanga.

Ubao wa vishale ni miongoni mwa bidhaa ambazo plastiki haikuweza kuchukua nafasi ya mkonge, kwa sababu plastiki haijibani tena kama singa baada ya kutobolewa. Mahitaji yake ni madogo kuliko ya kamba, lakini kila ubao huuzwa kwa bei kubwa kuliko singa zilizomo. Nodor, ambayo sasa inamiliki pia Winmau, ilihamishia utengenezaji wa mbao zake Kenya, na China nayo hutengeneza nyingi. Tanzania bado huuza nje sehemu kubwa ya mkonge wake ikiwa singa tu.

Tangu mwaka 2022 ubao wa Winmau ndio rasmi katika mashindano ya PDC, yakiwemo Mashindano ya Ubingwa wa Dunia yanayochezwa Alexandra Palace, London. Desemba 2025 David Munyua alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza humo, akamshinda Mbelgiji Mike De Decker kwa seti 3-2.

## Tazama pia

* Mkonge
* Mkoa wa Tanga
* Pangani
* Manamba