Akii-Bua na Methali ya Mcheza Kwao

Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Methali hii twaifundisha madarasani kila mwaka, na wanafunzi huikariri pasipo taabu. Lakini je, historia yetu imeithibitisha? Hapa Kampala, katika mtaa wa Nakasero, iko barabara iitwayo Akii-Bua. Yafaa tumweleze mwanafunzi apitaye hapo jina hilo ni la nani, na mwenye jina alitunzwaje na kwao.

Uganda ilishiriki mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1956, huko Melbourne, ikiwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Timu yake ilikuwa ndogo, wala haikutarajiwa kushindana na mataifa makubwa. Nishani za kwanza zilipatikana mjini Mexico mwaka 1968, nazo zilikuwa za ngumi: Eridadi Mukwanga alipata ya fedha, na Leo Rwabwogo ya shaba. Dhahabu ilikuwa haijaonekana.

John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda, na alipokua akawa askari polisi. Hapo pana jambo linalotuhusu sisi hasa. Katika Uganda Kiswahili hakikuenea sana kwa njia ya shule; kwa muda mrefu kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, ambamo watu wa makabila mbalimbali walikutana. Kambi hizo hizo zilizokuza lugha yetu ndizo zilizolea wanamichezo wengi wa taifa.

Akii-Bua alifundishwa na Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyefika Uganda mwaka 1968. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970, mjini Edinburgh, alikuwa wa nne katika mbio za kuruka viunzi. Hakukata tamaa. Alirudi mazoezini, akawa akiruka viunzi huku amevaa fulana yenye uzito.

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, ilikimbiwa fainali ya meta 400 za kuruka viunzi. Akii-Bua alipangiwa njia ya kwanza, iliyo ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968, mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili, na Hemery wa tatu. Katika michezo hiyo hiyo Rwabwogo naye alipata nishani ya fedha.

Furaha hiyo ilifika nyumbani katika wakati mgumu. Mwezi uliotangulia Idi Amin alikuwa ameamuru Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Hata hivyo bingwa alipokewa kwa shangwe, akapandishwa cheo na kupewa nyumba. Methali ikaonekana kutimia. Lakini utawala huo uliomtuza ndio uliowaua watu wengi wa Lango na Acholi.

Mwaka 1976 Uganda, pamoja na nchi nyingine za Afrika zaidi ya ishirini, ilisusia michezo ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Akii-Bua hakuitetea dhahabu yake, na Edwin Moses wa Marekani akaivunja rekodi yake kwa sekunde 47.63. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, Akii-Bua alikimbilia Kenya akaishi katika kambi ya wakimbizi. Waliomsaidia kutoka humo walikuwa watengenezaji wa viatu vya michezo, kampuni ya Puma, nao wakampeleka Ujerumani Magharibi. Baadaye alirudi Uganda akawa mwalimu wa riadha. Alifariki Kampala mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima ya taifa.

Ilitupasa kungoja miaka 40 ndipo dhahabu ya pili ije. Stephen Kiprotich, askari wa magereza, alishinda mbio za marathoni mjini London mwaka 2012. Tangu hapo Joshua Cheptegei, askari polisi kama Akii-Bua, ameshinda Tokyo na Paris. Naye Peruth Chemutai, aliyeshinda Tokyo, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki.

Sasa turudi kwenye methali. Neno "kutunza" lina maana mbili: kumpa mchezaji zawadi ngomani, na kumhifadhi mtu asidhurike. Akii-Bua aliipata ile ya kwanza. Ya pili aliikosa, hata akahifadhiwa na wageni. Ndugu walimu, tuifundishapo methali hii, tuwape wanafunzi maana zote mbili. Cheo, nyumba na jina la barabara ni zawadi njema. Lakini aliyecheza kwa ajili ya kwao ana haki ya kuishi kwao kwa amani, yeye na jamaa zake, hata siku ambayo hakuna nishani.