Kupaka Girisi na Kupiga Girisi: Asili ya Maneno ya Viungo vya Mbele vya Gari

Tangu Serikali ilipoamua mwaka 1967 kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka huo huo, watafsiri wengi wamepewa maandishi ya kazi ambazo wenyewe hawakupata kuziona zikitendeka. Maelekezo ya utunzaji wa magari ni miongoni mwayo. Katika makala haya twakusudia kueleza asili ya maneno machache ya viungo vya mbele vya pikapu kuukuu, yaani sehemu zinazoshika gurudumu na kuliwezesha kugeuka.

Tumechagua mfano wa Kibeta, mjini Bukoba, kwa sababu ya mvua. Bukoba hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na barabara za vilimani hurusha maji na tope jekundu chini ya gari. Kiungo kisichokuwa na girisi hapo huliwa upesi. Na kikichomoka, gurudumu hulala na usukani haumtii tena dereva.

Usukani ndilo neno kongwe katika kundi hili. Limetoka katika Kiarabu, nalo lilikuwa la jahazi muda mrefu kabla ya motokaa kuzaliwa. Gari limetoka Bara Hindi. Lipo pia neno kamani, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Na kwa hakika, yeyote aliyeinama kutazama vyuma vilivyopangwa chini ya gari la kubebea mizigo ameuona upinde huo. Mafundi wameliacha, nao husema springi. Sisi twaona hasara.

Wajerumani, ambao kituo chao cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1890, walituachia neno shule, lakini gerejini karibu hawakuacha kitu, kwa kuwa magari yalienea baada yao, wakati wa Waingereza. Ndiyo maana bushi, kingipini, boljointi, tairodi na girisi yote ni maneno ya Kiingereza yaliyovishwa matamshi yetu. Mtafsiri asithubutu kuandika “pini ya mfalme”. Hakuna fundi atakayemwelewa.

Nipo, ambayo wengine huiita niplo, ina kisa chake. Ni kichuchu kidogo cha chuma chenye gololi ndani, ambacho hupokea girisi na kuizuia isirudi. Umbo linalotumika sana lilipewa hati ya uvumbuzi nchini Marekani mwaka 1929, kwa jina la Oscar Zerk, mzaliwa wa Austria. Kwa Kiswahili neno hili limegongana na “nipo” ya mtu aitikiaye jina lake, na mwanagenzi aulizwaye “Nipo iko wapi?” ana haki ya kushangaa.

Lakini tatizo kubwa halimo katika majina, limo katika kitenzi. Karani akiandika “paka mafuta kwenye viungo vya mbele”, ametenda makosa mawili. Mafuta yaweza kuwa petroli, oili, girisi, hata ya kupikia. Na kupaka ni kusiriba juu ya kitu. Dereva mtiifu atachukua kitambaa, atasiriba chuma kwa nje mpaka king'ae, na ndani kiungo kitabaki kikavu. Tena girisi ya nje hunasa mchanga.

Fundi husema kupiga girisi, na kitenzi chake kina mantiki. Kwanza huinua gari kwa jeki, uzito utoke kwenye kiungo na girisi ipate njia. Huifuta nipo, asije akasukuma uchafu ndani. Kisha hubana bomba la girisi juu yake na kupiga mara kadhaa, hata girisi chafu yenye maji itoke ukingoni mwa mpira, ikifuatwa na safi. Hapo huacha, maana akizidisha mpira hupasuka. Kutia girisi pia chafaa. Kulainisha ni sahihi, ila hutaja matokeo bila kuonyesha tendo.

Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963 na tena miaka ya 1966, 1967 na 1968, ni ya kizazi cha magari yaliyodai girisi mara kwa mara. Magari mengi ya siku hizi yana viungo vilivyofungwa kiwandani, visivyo na nipo hata moja. Kwa hiyo atafsiriye maelekezo na aulize kwanza ni gari la mwaka gani.