Mkoba wa Hans Cory

Mwaka 1958 kilichapishwa mjini Mwanza kitabu cha mashairi ya Kiswahili kiitwacho Sikilizeni Mashairi. Mpenzi wa ushairi aliyelelewa Lamu, Mombasa au Unguja huenda akashangaa kukiona kitabu cha namna hiyo kikitoka ng'ambo ya pili ya nchi, kando ya ziwa lisilo na chumvi, katikati ya watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kisukuma. Atashangaa zaidi akimjua mhariri wake. Hakuwa malenga, wala hakuwa mzaliwa wa Afrika. Alikuwa Hans Cory, aliyezaliwa Vienna mwaka 1888 kwa jina la Koritschoner, akaingia nchini zama za Wadachi, na hatimaye akawa mtaalamu wa mila katika serikali ya Waingereza.

Pwani haikuwa ngeni kwa kazi ya kukusanya. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yangalipotea mengi lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyahifadhi kichwani na kumwandikisha mmishonari W. E. Taylor, ndiyo yaliyomwezesha Hichens kutoa diwani mwaka 1940. Lakini mkusanyo ule ulikuwa na mipaka yake: mshairi mmoja, mji mmoja, lugha moja. Mkoba wa Cory haukuwa na mpaka wa aina hiyo. Ndani yake mlikuwa na sheria za Wahaya, alizozichapisha pamoja na Hartnoll mwaka 1945, habari za utemi, michoro ya waganga wa nyoka, vinyago vya udongo vya Usambara na Uzigua, nyimbo za unyago, na mwishowe mashairi haya ya Mwanza. Kilichoviunganisha vitu hivyo vyote ni kwamba yeye alivipenda.

Watu wa aina yake wako kila nchi. Marekani alikuwako Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kawaida wa mji wa Syracuse, aliyeshikwa na mapenzi ya kadi za picha za wachezaji wa besiboli zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara. Alizipanga kwa namba alizozitunga mwenyewe, na wakusanyaji wa kule wangali wakizitumia namba hizo, hata zile kadi mashuhuri za miaka ya 1909 hadi 1911 haziitwi kwa jina jingine ila T206. Burdick alimaliza kuzibandika kadi zake katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, mwezi Januari 1963, akafariki miezi miwili baadaye. Cory alikwisha kufa mwaka 1962. Hawakujuana, lakini kila mmoja alikuwa na ugonjwa ule ule wa kuviweka vitu vya watu katika mpango wake mwenyewe. Tofauti ni kwamba kadi ya besiboli haimnyang'anyi mtu kitu.

Katika mkoba wa Cory, kinachovuta macho kwanza ni michoro. Huko Usukumani, katika nchi inayoanzia Shinyanga hadi ufukweni mwa ziwa, kuna chama cha waganga wa nyoka kiitwacho Buyeye. Wanachama wake, Bayeye, hujifunza kukamata chatu na swila, kuwachezea ngomani, na kutibu aliyeumwa. Elimu hiyo haikutolewa bure wala hadharani. Mwanafunzi aliingia kwa kiapo. Katika nyumba walimofundishwa wanafunzi, kuta za ndani zilichorwa nyoka, wanyama, watu na viumbe vya hadithi, na kila mchoro ulikuwa na maelezo yake, ambayo asiyeapa hakuyapata. Cory aliandika habari za chama hicho katika jarida la kitaalamu mwaka 1946, na mwaka 1953 michoro yenyewe ikatoka London katika kitabu kizima, pamoja na maana zake.

Hapo ndipo penye mgogoro. Siri iliyolindwa kwa kiapo iliwekwa dukani, aliyekuwa na fedha akanunua. Kwa upande wa pili, ukuta wa udongo hauishi miaka mingi. Mvua na mchwa wangaliimaliza kazi ile bila kumwuliza mtu. Anayetaka leo kujua Bayeye wa zama zile walichora nini, hana budi kukifungua kitabu cha Cory. Atakachokikosa ni sauti ya mwalimu anayekielekezea kidole kichwa cha nyoka, na hofu ya kijana aliyeketi mbele yake. Vinyago vya unyago, alivyovitolea kitabu mwaka 1956, vilipata bahati kidogo zaidi, maana kila kinyago kilikuwa na wimbo wake wa mafunzo na Cory aliuandika wimbo pamoja na kinyago. Mshairi ataelewa kwa nini jambo hilo ni kubwa: kinyago bila wimbo ni kama kina bila mizani.

Lakini kuna ukurasa mmoja mkobani ambao haukubaki kitabuni. Mwaka ule ule wa 1953, michoro ilipochapishwa, Cory alitoa pia kitabu cha sheria na desturi za Wasukuma. Zama hizo Usukuma ulikuwa katika mageuzi makubwa. Almasi ya Mwadui ilikuwa imegunduliwa na Williamson mwaka 1940, dhahabu ya Geita ilikuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1930, na serikali ilikuwa ikiwahimiza watu kuhama nchi zilizojaa ng'ombe na kwenda kufungua mashamba mapya Geita. Watu waliohama hugombania mali, na mahakimu walitaka maandishi. Uhuru ulipokuja, Cory ndiye aliyepewa kazi ya kuziunganisha mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba. Wazee waliitwa mabarazani, wakaulizwa, wakajibu. Si rahisi kudhani kwamba wajane walikuwa wasemaji wakuu katika mabaraza hayo. Cory alifariki kabla kazi haijatimia, ila mwaka 1963 ilitangazwa kuwa sheria, Tangazo la Serikali namba 436 likiwa ndilo linalohusu mirathi.

Ndani yake imo kanuni kwamba mjane hana fungu katika mirathi ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Wimbo wa Kisukuma wenye maneno kama hayo ungalijibiwa na wimbo mwingine ngoma iliyofuata. Kanuni haijibiwi hivyo.

Wajane wawili wa Kisukuma wa mkoa wa Shinyanga walioondolewa katika nyumba zao na jamaa za waume zao walijaribu kuijibu mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo ni za ubaguzi, lakini ikakataa kuzitangua. Rufaa ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya karatasi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wajane wale.

Si haki kumtwika Cory mzigo wote huo. Watemi, wazee, mahakimu na wabunge wa nchi huru wana sehemu yao. Hata hivyo alichoka nacho mkobani kilikuwa desturi zilizokuwa zikijadiliwa, zikipindwa na kusamehewa kwa kadiri ya mtu na mwaka wa njaa, naye akazipanga kwa namba kama Burdick alivyozipanga kadi zake.

Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Bujora, karibu na Kisesa, mahali ambapo padri David Clement alianzisha makumbusho ya Kisukuma, ngoma ya Bulabo huchezwa kila mwezi Juni. Bagalu na Bagika hushindana kuvuta watazamaji, wenye chatu wakiwa miongoni mwao, na manju anayerudi na wimbo wa mwaka jana huwaona watu wakihamia upande wa pili wa uwanja.