Kuhesabu nyuki wa mwitu Isiolo si sawa na kuhesabu punda milia

MWISHONI mwa Januari 2016, mamia ya watu wenye kamera walisambaa katika kaunti za Isiolo, Samburu, Laikipia, Marsabit na Meru. Kwa siku mbili mfululizo walimpiga picha kila punda milia wa Grevy waliyekutana naye. Mistari ya mnyama huyo haifanani kamwe na ya mwenzake, hivyo kompyuta iliweza kuwatambua walioonekana siku ya kwanza na kurudi kuonekana siku ya pili. Kutokana na uwiano huo, wataalamu walikadiria kwamba Kenya ilikuwa na punda milia hao wapatao 2,350. Hesabu hiyo, iitwayo Great Grevy's Rally, ilirudiwa mwaka 2018 na 2020.

Nyuki hana mistari ya kumtofautisha na nduguye. Anaishi kwa majuma machache, hukaa ardhini au ndani ya mti, na spishi nyingi hazitambuliki mpaka mdudu awekwe chini ya hadubini. Hata hivyo, mfugaji wa Isiolo anamhitaji pengine zaidi ya anavyomhitaji punda milia. Mbuzi hula maganda ya mgunga wakati wa kiangazi, na maganda hayo hutokana na maua yaliyochavushwa na wadudu, nyuki wakiwa mstari wa mbele. Mkulima wa tikiti maji naye hapati kitu iwapo hakuna mdudu wa kuhamisha chavua kutoka ua dume hadi ua jike.

Huko Uingereza kazi ya namna hii ina wepesi wake. Tangu mwaka 2008, watu wa kujitolea hutembea njia ileile ya kilomita moja au mbili kila mwezi, kuanzia Machi hadi Oktoba, wakihesabu nyuki wanene wenye manyoya mengi wa jamii ya Bombus. Nyuki hao hutambulika kwa rangi za mikanda ya miili yao, na aliyezoea huweza kuwataja bila kuwakamata. Jamii hiyo haipo kwa asili katika Afrika kusini mwa Sahara. Yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti na nguzo za nyumba, ambaye wengi humdhania kuwa ndiye, ni wa jamii ya Xylocopa.

Badala ya Bombus, Afrika kusini mwa Sahara ina spishi za nyuki zilizokwisha kuorodheshwa zaidi ya 2,600. Nyuki wa asali, ambaye watu humfikiria pindi neno nyuki litajwapo, ni mmoja tu kati ya hao. Wengi wa waliosalia hawana malkia wala masega ya asali. Kila jike huchimba kishimo chake, huweka mpira wa chavua, hutaga yai juu yake, kisha hufukia na kwenda zake.

Uchunguzi mmoja mpana ambao Kenya imepata kuufanya ulihusu huyohuyo wa asali. Mwaka 2010, kundi la watafiti likiwamo la Dkt Elliud Muli, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilikagua mizinga katika maeneo 24 nchini. Ukaguzi wa mizinga ya Kenya hufichua pia hali ya nyuki wa mwitu, kwa sababu mfugaji hapa hanunui nyuki: hutundika mzinga mtupu na kungoja kundi lipitalo liuingie. Watafiti walikuwa wakitafuta utitiri wa Varroa, mdudu mdogo anyonyaye nyuki ambaye taarifa za kuwapo kwake nchini zilitolewa mwaka 2009. Walimkuta karibu kila mahali, isipokuwa sehemu za mbali za kaskazini. Cha kushangaza, idadi ya utitiri haikuonekana kupunguza ukubwa wa makundi, tofauti na maafa yaliyowakuta wafugaji wa Ulaya na Marekani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

Kwa makundi yasiyo mizingani, tatizo la kwanza ni kuyapata. Hapa Waborana, ambao ni miongoni mwa wenyeji wakuu wa Isiolo, wana elimu iliyowahi kupimwa kwa saa. Hussein Isack wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, waliwafuata warina asali wa Kiborana katika nyika ya kaskazini na kuchapisha matokeo mwaka 1989. Bila msaada, warina walihitaji wastani wa saa 8.9 kulipata kundi moja. Walipoongozwa na ndege mlembe, ambaye huita na kuruka mti kwa mti mpaka penye asali, muda ulishuka hadi saa 3.2. Ndege naye hakupoteza, kwani asilimia 96 ya makundi aliyoyaonyesha yalikuwa mahali asipoweza kupafikia mpaka binadamu afungue.

Mlembe, hata hivyo, si karani wa hesabu. Huwapeleka watu anakojua yeye, na eneo ambalo hakuwaita huenda lina nyuki tele. Sensa inayomtegemea peke yake itahesabu mapendeleo ya ndege.

Kwa wale wanaoishi peke yao hutumika bakuli ndogo za rangi ya buluu, nyeupe na njano, zilizotiwa maji na matone ya sabuni. Nyuki hudhani ni ua, hutua na kuzama. Njia hii ni rahisi na haihitaji ufundi, lakini ina hila zake. Nyuki wa asali hunaswa mara chache, na maua yanapokuwa mengi bakuli hupuuzwa, hivyo msimu uliojaa nyuki waweza kutoa mavuno haba. Juani Isiolo, maji hukauka kabla ya jioni. Kwa hiyo lazima awepo pia mtu wa kutembea na wavu, akipita mstari ule ule kwa dakika zile zile.

Tena atembee saa ngapi? Watafiti waliofanya kazi Mpala, Laikipia, walionyesha mwaka 2011 kwamba wadudu wanaotembelea maua ya savana hubadilika kadiri siku inavyosonga. Migunga yenyewe, kama ilivyobainika Mkomazi, Tanzania, hugawana saa za kutoa chavua, mmoja asubuhi na mwingine baadaye. Anayehesabu asubuhi tu ataandika kwamba nyuki wa alasiri hawapo.

Gumu zaidi ni ukame. Katika majangwa ya Marekani imethibitika kwamba baadhi ya nyuki wa ardhini hubaki vishimoni mvua isiponyesha, wakapitisha mwaka mzima au zaidi wakisubiri. Sifuri katika daftari la mwaka mkavu haimaanishi kifo. Na Isiolo ilipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022.

Kabla ya ukame huo kulikuja nzige. Makundi ya kwanza yaliingia Kenya Desemba 2019, uvamizi mbaya kuliko wowote katika miaka 70, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika sana. Ndege na magari yalinyunyizia dawa, zikiwamo za jamii ya fenitrothioni, ambayo huua nyuki inapowagusa. Kupambana na nzige kulikuwa lazima. Malisho yalikuwa yakiteketea. Lakini nyuki wakipungua baada ya dawa na ukame kufuatana hivyo, hakuna njia ya kujua kila kimoja kiliua kiasi gani, isipokuwa iwepo hesabu ya kabla, iliyofanywa mahali palepale kwa njia ileile.

Gharama yake imekwisha kukadiriwa. Gretchen LeBuhn na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba vituo kati ya 200 na 250, vikipimwa mara mbili katika muda wa miaka mitano, hutosha kugundua upungufu wa asilimia 2 hadi 5 kwa mwaka katika kanda nzima, kwa takriban dola milioni mbili. Fedha ni nusu tu ya shida. Mdudu aliyenaswa huhitaji mtu wa kumtaja jina, na watu hao ni wachache. Mary Gikungu wa Makavazi ya Kitaifa, aliyechunguza nyuki wa msitu wa Kakamega, alipata zaidi ya spishi 200 katika eneo lililo dogo mno likilinganishwa na kilomita za mraba 25,000 na ushei za Isiolo.

Kila mdudu huchomekwa pini na kuwekewa kibandiko chenye mahali, tarehe, saa na ua alilokutwa nalo. Kwa Isiolo, miezi ya kufanya kazi hiyo ni Aprili na Mei, kisha Novemba na Desemba, baada ya mvua kunyesha na ardhi kufunguka.