Kura Isiyopigwa Kituoni: Jina na Historia Yake

Mwalimu mmoja wa Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Kijana wake, askari wa Jeshi la Wananchi, alikuwa katika kikosi cha kulinda amani mashariki ya Kongo. Je, kura ambayo angeipiga akiwa huko yaitwaje kwa Kiswahili? Tulianza kutafuta neno, kumbe ilitupasa kwanza kutafuta kitu chenyewe.

Kura ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni kubahatisha. Ndiyo maana hata wanaogawana viwanja hupiga kura. Maana ya uchaguzi ilienea Tanganyika kwa uchaguzi wa 1958 na 1959. Tangu hapo kura imefungamana na kituo: mtu hupiga kura pale alipojiandikisha. Hata Oktoba 2025 Mtanzania aliyekuwa ng'ambo hakuwa na njia ya kupiga kura.

Uingereza mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1945 kura zilipigwa tarehe 5 Julai, lakini matokeo yalitangazwa tarehe 26, kwa kuwa kura za askari walioko ng'ambo zilikuwa zikingojewa. (Askari wetu wa KAR waliopigana Burma katika vita hivyo hivyo hawakuwa na kura yoyote.) Kura iliyopitia posta ni kura ya posta, wala hapana utata. Ile inayopigwa na mtu kwa ajili ya mwenziwe, baadhi ya wafasiri huiita kura ya wakala. Twaikataa, maana wakala katika vituo vyetu ni mtu wa chama anayelinda kura. Kura ya niaba yafaa zaidi.

Penye hatari kubwa ni Marekani. Sheria ya 1986, iliyorekebishwa 2009, yaagiza kwamba askari na raia walio ng'ambo walioomba mapema wapelekewe karatasi za kura siku 45 kabla ya uchaguzi, kwa njia ya elektroniki wakitaka. Tumeona jambo hili likifasiriwa "kura ya elektroniki". Sivyo! Kinachosafiri hivyo ni karatasi tupu. Namna ya kuirudisha hutofautiana jimbo hadi jimbo. Tuseme basi upelekaji wa karatasi za kura kwa njia ya elektroniki. Ni refu, lakini halimdanganyi msomaji.

Zanzibar ina kura ya mapema, iliyowekwa na sheria ya 2018 na kupigwa tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya wengine, na walinzi wa usalama na watendaji wa uchaguzi. Ililalamikiwa sana na upinzani. Hata hivyo ni kura ya kituoni. Kadhalika Mkenya aliyempigia kura Rais wake akiwa Tanzania mwaka 2013 alikwenda kituoni.

Mwalimu tulimjibu kwamba neno ni kura ya posta. Tumeliandika katika orodha, na mbele yake tumetia maelezo: halina matumizi katika uchaguzi wa Tanzania.