"Maisha": albamu ya kwanza ya The Zawose Queens

"Maisha" ni albamu ya kwanza ya The Zawose Queens, kundi la Pendo na Leah Zawose wa Bagamoyo. Ilitoka Juni 2024 chini ya Real World Records, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel.

Pendo ni binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah ni mjukuu wake. Mzee Hukwe, Mgogo wa Dodoma, aliitwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere, kisha akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa. Alifariki mwaka 2003.

Kwa mila ya Wagogo, wanawake waliimba na kupiga ngoma. Zeze na ilimba, ile ya vyuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, vilikuwa vya wanaume. Kwa miaka mingi Pendo na Leah walikuwa waitikiaji tu katika muziki wa ukoo wao. Katika "Maisha" wanaongoza nyimbo na kupiga vyombo hivyo wenyewe, huku midundo ya kielektroniki ikiongezwa. Safari hii, jina lililo kwenye jalada ni lao.